Waya wa kobalti kifuani: historia ya betri ya moyo na safari ya kupona

LIKASI, Haut-Katanga – Watu wa Likasi wanaijua kobalti kwa macho na kwa mikono. Viwanda vya Shituru vilisafisha shaba na kobalti tangu enzi ya Union Minière, wakati mji ungali unaitwa Jadotville, na kuanzia 1967 kazi hiyo ikawa ya Gécamines. Kuanzia Panda hadi Kikula, hata watoto wanajua kwamba kobalti ya Kongo huingia katika betri za simu na za magari ya umeme. Ni wachache wanaojua kwamba madini hayo yanatumika pia ndani ya vifua vya watu.

Mtu ambaye moyo wake unapiga polepole mno, au unasimama kisha unaanza tena, anaweza kuwekewa kifaa kidogo chini ya ngozi, karibu na mtulinga. Wengi hukiita betri ya moyo. Kifaa hicho hupeleka umeme kidogo kwenye moyo kupitia waya mwembamba unaopita ndani ya mshipa. Waya huo mara nyingi hutengenezwa kwa mchanganyiko wa metali nne: kobalti asilimia 35, nikeli 35, kromu 20 na molibdeni 10. Mchanganyiko huo ulichaguliwa kwa sababu haushiki kutu ndani ya damu na huvumilia kupindwa mara nyingi. Moyo hupiga kama mara 100,000 kwa siku, na kila pigo linautikisa waya.

Kabla ya kufika hapo, waya nyingi zilikatika na majeraha mengi yalioza. Walioteseka walikuwa wagonjwa wa kwanza, na namna walivyopona inafaa kujulikana Likasi leo, hasa katika familia zilizolazimika kuhama makwao. Karibu kila mmoja aliyepona alipona kwa sababu aliweza kurudi kwa waganga waliomfanyia kazi, na alirudi mapema.

Mtu wa kwanza na mke asiyekubali kurudishwa

Mwaka 1958 huko Sweden, mhandisi aitwaye Arne Larsson, mwenye miaka 43, alikuwa anakufa polepole hospitalini. Ugonjwa ulikuwa umeharibu njia za umeme ndani ya moyo wake. Alizimia mara 20 hadi 30 kwa siku. Kila alipozimia, waliokuwa karibu walimpiga kifuani ili moyo uanze tena.

Mkewe, Mama Els-Marie, alisikia kwamba mhandisi Rune Elmqvist na daktari wa upasuaji Åke Senning walikuwa wakifanyia utafiti kifaa cha kuendesha moyo. Alimwendea Senning, akaambiwa kifaa cha mtu hakijakuwa tayari. Akaenda kwa Elmqvist, akaambiwa vilevile. Hakukaa nyumbani kulia. Alizunguka kati ya maabara na hospitali mpaka wakakubali.

Elmqvist alitengeneza vifaa viwili kwa haraka. Alitumia kopo la dawa ya viatu kama kalibu, akamimina humo plastiki laini inayoganda, akafunika sehemu za umeme na betri. Jioni ya tarehe 8 Oktoba 1958, katika hospitali ya Karolinska karibu na Stockholm, Senning alifungua kifua cha Larsson, akashona waya kwenye moyo na kukiweka kifaa tumboni, chini ya ngozi.

Kifaa kile kilifanya kazi saa chache tu, kikazimika. Kikawekwa cha pili, nacho hakikudumu. Kwa hiyo mtu wa kwanza duniani kuwekewa betri ya moyo mwilini ndiye pia wa kwanza kupata matatizo yake. Kwa muda aliishi bila kifaa, kisha akawekewa kingine na kingine tena. Katika maisha yake alitumia vifaa 26. Kila kimoja kilidai kisu, kidonda na siku za kulala upande mmoja, na kila mara nyumbani walingoja kuona kama safari hii kitashika.

Larsson alipona. Alirudi kazini, akasafiri, akazungumza na wagonjwa wengine ili wasiogope. Alifariki Desemba 2001, akiwa na miaka 86, kwa saratani ya ngozi. Wakati huo Elmqvist na Senning walikuwa wamekwisha kufa. Mgonjwa aliwazika mafundi wake wote wawili.

Umeme ulipokatika Minneapolis

Watu wa Likasi wanajua maana ya umeme kukatika usiku. Kukatika kwa namna hiyo kulisukuma hatua nyingine ya historia hii. Huko Marekani, katika mji wa Minneapolis, daktari C. Walton Lillehei alikuwa akiwapasua watoto waliozaliwa na mioyo yenye kasoro. Baada ya upasuaji, baadhi yao walihitaji mashine ya kuendesha moyo. Mashine ilikuwa kubwa, ikasukumwa kwa magurudumu na kuchomekwa ukutani.

Tarehe 31 Oktoba 1957 umeme ulikatika mjini. Baada ya hapo Lillehei alimwomba fundi Earl Bakken, aliyekuwa akitengeneza vifaa vya hospitali katika gereji, atafute njia ambayo haitegemei ukuta. Ndani ya wiki chache Bakken alileta kisanduku kidogo chenye betri, ambacho mtoto aliweza kukivaa.

Mwaka 1958, huko New York, daktari Seymour Furman alionyesha jambo lingine: haikuwa lazima kufungua kifua ili kuufikia moyo. Waya uliweza kupitishwa ndani ya mshipa mpaka ndani ya moyo. Njia hiyo ndiyo inayotumika mara nyingi leo. Mgonjwa huchomwa dawa ya ganzi karibu na bega, waya hupitishwa kwa msaada wa picha za eksirei, na kidonda kinachobaki ni kifupi kuliko kiganja.

Betri zenyewe zilikuwa tabu nyingine. Zile za zebaki na zinki za miaka ya 1960 ziliisha baada ya kama miaka miwili, na mgonjwa akapasuliwa upya. Kuanzia 1972 zilikuja betri za lithi na iodini, zilizodumu miaka mingi zaidi. Kadiri betri zilivyodumu ndivyo mgonjwa alivyopasuliwa mara chache, na kila upasuaji ulioepukwa ulipunguza nafasi ya vijidudu kuingia.

Maumivu ya kawaida na maumivu ya hatari

Mtu aliyewekewa betri ya moyo huumwa, na hilo peke yake si jambo la kutisha. Siku za kwanza kidonda kinauma, bega linakuwa zito, na ngozi inaweza kuwa na rangi ya damu iliyovilia. Hali hiyo hupungua siku hadi siku.

Maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua yana maana nyingine. Katika miaka 60 na zaidi, waganga wamejifunza kuyatambua moja moja.

Uvimbe unaokua haraka siku za kwanza mara nyingi ni damu iliyokusanyika kuzunguka kifaa. Maumivu makali kifuani yanayozidi mtu anapovuta pumzi yanaweza kumaanisha kwamba pafu limechomwa wakati wa kazi, au kwamba ncha ya waya imetoboa ukuta wa moyo. Kwikwi isiyokoma inaweza kuonyesha kwamba waya unapeleka umeme kwenye msuli wa kupumulia. Kizunguzungu cha zamani kikirudi, huenda waya umechomoka mahali pake. Mkono ukivimba wote, huenda mshipa umeziba.

Lipo pia tatizo linaloletwa na mgonjwa mwenyewe bila kujua. Mwaka 1968 waganga waliandika habari za mtu ambaye kifaa chake kilizungushwa chini ya ngozi mpaka waya ukajisokota na kuvutwa. Tangu hapo wagonjwa huambiwa wasikichezee kifaa kwa vidole, hata kama kinawasha.

Wengine hukosea upande wa pili. Kwa kuogopa kuchomoa waya, huufunga mkono na kuukataza kabisa kusogea. Baada ya wiki kadhaa bega linakauka, na kulinyoosha kunauma kuliko kidonda chenyewe. Ushauri unaotolewa hospitalini ni wa katikati: mkono usiinuliwe juu ya bega wala kubeba mzigo kwa wiki chache, lakini usogezwe polepole kila siku. Kwa mama aliyezoea kubeba ndoo ya maji kichwani, au kijana anayebeba magunia ya mawe, hilo si shauri jepesi. Linaihusu familia nzima, kwa sababu mtu mwingine lazima aichukue ndoo hiyo.

Kidonda kinachooza

Tatizo linaloogopwa zaidi ni maambukizo. Ngozi juu ya kifaa inakuwa nyekundu na ya moto, inavimba, inatoa usaha. Wakati mwingine hakuna homa kabisa. Ngozi inakuwa nyembamba tu, mwezi baada ya mwezi, mpaka kona ya chuma inaonekana. Hilo linaweza kutokea hata miaka mingi baada ya upasuaji.

Zamani waganga walijaribu kuosha kidonda, kutoa dawa za antibiotiki na kukiacha kifaa mahali pake. Maambukizo yalirudi tena na tena. Sababu ni kwamba vijidudu hushika juu ya chuma na plastiki, vikajifunika utando ambao dawa haiupenyi vizuri. Ndiyo maana kanuni ya leo ni ngumu lakini wazi: kifaa chote kinatolewa, pamoja na waya zote, mgonjwa anapewa antibiotiki, na akiwa bado anahitaji kifaa, kipya kinawekwa upande wa pili wa kifua baada ya maambukizo kudhibitiwa. Katikati ya siku hizo, moyo usioweza kujitegemea husaidiwa na waya wa muda.

Kuutoa waya wa zamani nako kulikuwa mateso. Kovu hukua kuuzunguka ndani ya mshipa na ndani ya moyo, likaushika kama mzizi ndani ya ukuta. Kabla ya vifaa vya kisasa kuenea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, baadhi ya wagonjwa walilazwa kitandani huku uzito mdogo umening'inizwa kwenye waya, ukiuvuta polepole kwa saa au siku. Wengine walifunguliwa kifua. Leo kuna mirija maalumu inayopita juu ya waya na kulikata kovu, lakini bado ni kazi ya wataalamu, na inahitaji hospitali yenye uwezo wa kufungua kifua mara moja ikiwa mshipa utapasuka.

Kuzuia ni rahisi zaidi. Huko Brazil, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulifuatilia wagonjwa 649. Nusu yao hivi walipewa antibiotiki ndani ya mshipa muda mfupi kabla ya upasuaji, wengine hawakupewa. Waliopata dawa walikuwa 314, na maambukizo yaliwapata 2. Wasiopata walikuwa 335, na yaliwapata 11. Tofauti ilikuwa wazi hata utafiti ukasimamishwa mapema, kwa kuwa haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine dozi moja tu.

Yapo mambo mawili ya kukataza kwa sauti. La kwanza, uvimbe juu ya kifaa usichomwe sindano ili kuona kuna nini ndani, kwa sababu sindano yenyewe inaweza kuingiza vijidudu. La pili, usichanjwe chale wala kukandwa. Wapo wazee wanaojua mitishamba mizuri kwa maradhi mengi, na hakuna anayewavunjia heshima. Lakini wembe juu ya betri ya moyo unafungua njia ya moja kwa moja hadi ndani ya moyo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, nao ukuta huu hujengwa kwa gharama ambayo familia nyingi hazina.

Mkimbizi aliyetengeneza kifaa cha pili

Betri ya moyo husaidia moyo unaochelewa. Kuna kifaa kingine, ndugu yake, kwa moyo unaotetemeka ghafula na kuacha kusukuma damu. Kifaa hicho hulinda kimya kimya, na siku ya hatari hupiga umeme mkali kutoka ndani ili kuurudisha moyo kwenye mwendo wake. Aliyekianzisha alikuwa mtu aliyefukuzwa kwao.

Michel Mirowski alizaliwa Warsaw, Polandi, mwaka 1924, katika familia ya Kiyahudi. Vita vilipoanza mwaka 1939 alikimbia akiwa kijana wa miaka 15, akapita katika Umoja wa Kisovyeti. Vita vilipokwisha, alikuwa peke yake aliyebaki hai katika familia yake. Alisomea uganga Lyon, Ufaransa, kwa lugha ambayo alilazimika kujifunza akiwa njiani ya maisha, akafanya kazi Israeli, kisha akahamia Baltimore, Marekani.

Mwaka 1966 mwalimu wake, Harry Heller, alifariki kwa ugonjwa wa mwendo wa moyo. Mirowski alianza kujiuliza kwa nini mashine kubwa ya kushtua moyo isifanywe ndogo ikaingia mwilini. Wakubwa wa fani hiyo walimwambia ni ndoto. Pamoja na mwenzake Morton Mower alifanya kazi miaka zaidi ya kumi. Tarehe 4 Februari 1980, katika hospitali ya Johns Hopkins, mgonjwa wa kwanza aliwekewa kifaa hicho.

Nacho kilikuja na maumivu yake. Wagonjwa walisimulia kwamba mshtuko huo ni kama kupigwa teke kifuani. Mara nyingine kifaa kinakosea, kinapiga bila hatari yoyote kuwapo, kwa sababu waya umekatika na kutoa ishara za uongo. Baada ya kupigwa mara kadhaa, wapo wanaoogopa kulala, kutembea peke yao au kukaribiana na mke au mume. Waganga walichelewa kukubali kwamba hofu hiyo nayo ni sehemu ya ugonjwa, inayohitaji mtu wa kuisikiliza. Familia zilizokimbia zinaielewa bila kufundishwa: mwili unaendelea kungoja pigo hata pale ambapo mahali ni salama.

Njia ya kurudi

Kila aliyepona katika historia hii alikuwa na njia ya kurudi. Larsson alijua mlango wa Senning uko wapi, na ulifunguliwa mara ishirini na zaidi. Mtu aliyehama kwa nguvu hupoteza mlango huo.

Likasi imeyaona hayo. Mwaka 1992 na 1993, maelfu ya familia zenye asili ya Kasai zilisukumwa kutoka nyumbani mwao, zikalala stesheni na shuleni zikisubiri treni. Wengine waliugua na kufa wakingoja. Miaka iliyofuata, vita na mashambulizi kaskazini mwa Katanga, katika eneo la Mitwaba, Manono na Pweto, vilileta wimbi jingine la watu walioacha kila kitu. Mwenye kisukari aliacha dawa zake, na mwenye kidonda aliacha munganga wake.

Kwa mwenye kifaa moyoni umbali ni mkubwa zaidi. Uchunguzi wa chama cha madaktari wa moyo wa Afrika, uliohusu miaka ya 2011 hadi 2016, ulionyesha kwamba kiwango cha kati cha kuweka betri za moyo katika nchi zilizochunguzwa kilikuwa 2.66 kwa kila watu milioni, takribani mara 200 chini ya Ulaya. Mgonjwa wa Likasi huanza kwa kuhesabu kilomita 120 hivi hadi Lubumbashi. Wengine huvuka mpaka. Wapo wanaofika Dar es Salaam, ambako Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015, huweka vifaa hivi, na wapo wanaofika India. Waya wenye kobalti husafiri mbali kabla ya kurudi katika kifua cha mtu wa Katanga.

Bei ni kizuizi kingine. Hapo napo kuna habari njema kidogo. Mwaka 2020 watafiti wa Kanada walichapisha matokeo ya vifaa vilivyotolewa kwa watu waliofariki au waliobadilishiwa, vikasafishwa upya na kuwekwa kwa wagonjwa 1,051 huko Mexico na nchi nyingine. Baada ya miaka miwili, maambukizo yaliwapata asilimia 2.0, wakati waliowekewa vifaa vipya Kanada walikuwa asilimia 1.2, tofauti ambayo watafiti hawakuweza kuithibitisha kuwa si ya bahati tu. Utafiti wa namna hiyo umefika hata Kenya na Msumbiji.

Mpaka njia ifupishwe, kuna karatasi moja yenye thamani kuliko nyingi. Kila anayewekewa kifaa hupewa kadi ndogo inayoonyesha aina ya kifaa, namba yake, siku kilipowekwa na hospitali. Bila kadi hiyo, munganga mgeni huanza kwa kubahatisha kifaa ni cha kampuni gani na kinasomwa kwa mashine ipi. Familia inayolazimika kuondoka usiku huchukua watoto, sufuria na blanketi. Kadi hiyo iwekwe pamoja na kadi ya uchaguzi, na picha yake ibaki katika simu ya ndugu anayeishi mji mwingine. Munganga wa kwanza atakayekutana na mgonjwa njiani ataanza kwa kuisoma.